Jinsi ya kumjenga stelingi na kisa chake: filamu fupi kutoka mwalo wa Kibirizi

Ukiniletea wazo la filamu na ukaanza kwa kusema unataka kuielimisha jamii kuhusu mikopo, ndoa za utotoni au ulevi, nitakuuliza maswali mawili tu: ni nani huyo, na ameshika nini mkononi? Ukikosa jibu, ulicho nacho ni hotuba.

Sikusoma chuo cha filamu. Kwa miaka mingi nilikuwa mtafsiri wa picha kwenye banda umiza moja la Mwanga, hapa Kigoma mjini. Picha ni ya Hong Kong au ya India, watu wamejaa kwenye mabenchi, na wewe umekaa ubavuni mwa televisheni na kipaza sauti, unawaeleza kwa Kiswahili nani kasema nini na kwa nini yule kakunja ngumi. Wakubwa wa kazi ile walikuwa Dar, kina Lufufu, ambao kanda zao zilifika mpaka huku mwisho wa reli. Sisi wa mikoani tulitafsiri papo kwa papo, mbele ya watu waliokwishalipa na wanaojua kuzomea. Kwa kuwa picha yenyewe nilikuwa nimeshaijua, macho yangu yalikuwa kwa watazamaji. Ikiwashika, mkono wenye karanga unasimama kabla haujafika mdomoni. Ikiwaachia, wanatoka kwenda kujisaidia. Na hawakutoka ovyo. Iwe picha ya kareti au ya mapenzi, walitoka pale ambapo hakuna swali linalosubiri jibu.

Kutokana na mabenchi yale nilipata imani moja, na mengine yote hapa chini yanatoka humo. Kujenga kisa na kujenga mhusika ni kazi moja. Mpe mtu tabia ambayo imemlinda maisha yake yote, kisha panga matukio yamsogeze mpaka mahali ambapo tabia hiyo hiyo itamgharimu. Mtazamaji atakaa kwenye benchi kwa sababu anataka kuona kama mtu huyu ataiacha au itamzamisha.

Nitakuonyesha kwa kisa tulichokitunga na vijana wa Ujiji wanaotaka kupiga filamu ya dakika kumi na mbili kwa simu.

Mtu na kitu anachokitaka

Aristotle, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alisema kisa kina mwanzo, kati na mwisho, na akaweka mpangilio wa matukio mbele ya wahusika. Kuhusu mwanzo, kati na mwisho simbishii. Lakini kijana anayeandika filamu yake ya kwanza akitanguliza matukio ataleta ajali, mimba, mganga na msiba, na yule aliyepatwa na hayo yote atabaki hana sura. Kwa hiyo sisi tunaanza na mtu.

Anaitwa Zainabu. Ana miaka 23, anaanika dagaa Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, yaani ufuko ambapo mitumbwi hushusha samaki. Baba yake alifariki akaacha mtumbwi na mashine yake, na mashine hiyo iko rehani kwa tajiri mmoja wa mwaloni, Mzee Kabwe. Zainabu anataka kuikomboa. Basi. Sikusema anataka maisha bora au anataka kuheshimiwa, ingawa pengine anayataka hayo pia. Mashine inaonekana kwenye kamera, mwigizaji anaweza kuigusa, na mtazamaji atajua kwa macho yake kama imepatikana au imekosekana. Ukiandika kwamba mhusika wako anatafuta amani ya moyo, mpiga picha atakuuliza aielekeze kamera wapi.

Sasa tabia. Zainabu anahesabu. Mdogo wake Rashidi akihesabu fedha, yeye anazirudia. Mteja akimpa noti, anazihesabu mbele yake, anageuka pembeni, anazihesabu tena. Haamini mkono wa mtu mwingine. Na tabia hii imemfaa: pale mwaloni ambapo kila mtu anadai na kudaiwa, yeye hajawahi kupunjwa. Hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Wanampa mhusika tabia mbaya tupu, ulevi au umalaya, na mtazamaji hana la kufanya zaidi ya kumwambia aache. Tabia iliyomsaidia mtu ni ngumu kuiacha, na ugumu huo ndio utakaokulisha sini (onyesho moja la filamu) baada ya sini.

Utaipata wapi? Nje ya kichwa chako. Kaskazini mwa mji wetu, kule Gombe, mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika Julai 1960 kuwachunguza sokwe mtu, na kitu kimoja kilichowaudhi baadhi ya wataalamu ni kwamba aliwapa majina badala ya namba. Mmoja mwenye kidevu cheupe alimwita David Greybeard. Mwaka huo huo alimwona akiingiza jani la nyasi kwenye kichuguu, akalitoa limejaa mchwa, akawala. Kitendo kimoja cha mkono, na wasomi wakalazimika kufikiri upya nani anatumia zana na nani hatumii. Nenda Kibirizi alfajiri mitumbwi inaporudi, ukae na daftari kwa namna ile ile. Usiandike fulani ana huzuni, fulani ana roho nzuri. Andika mikono inafanya nini. Mnunuzi anaitikisa sado, ndoo ndogo ya kupimia, ili dagaa washuke, muuzaji anaishika isitikisike, na wote wawili wanaongea habari za mpira kana kwamba hakuna kinachoendelea. Kijana aliyelala ziwani usiku kucha anaosha miguu kwa sabuni kabla hajapanda bodaboda. Kuna mtu anakwenda kumwona. Asubuhi mbili za namna hiyo zitakupa wahusika kuliko mwezi mzima wa kufikiri.

Ukiwa Tabora, kaa stesheni treni inapoingia, uwatazame wauza asali na wauza maembe wanavyogawana madirisha ya mabehewa.

Siku ya mwisho ijulikane mapema

Kisa kinahitaji kikomo. Bila kikomo Zainabu anaweza kuikomboa mashine mwaka huu au mwaka ujao, na hakuna atakayekosa usingizi. Wageni hutafuta kikomo kwenye mabomu yenye saa. Sisi tunacho cha kwetu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Kila mtu wa mwaloni aliijua tarehe hiyo. Basi filamu inaanza siku chache kabla: Mzee Kabwe anamwambia Zainabu alete fedha kabla ziwa halijafungwa, la sivyo mashine inachukuliwa na mwenye boti za mizigo za Kalemie, ng'ambo ya ziwa, Kongo.

Ona kazi iliyofanywa na sini hiyo moja. Tumejua anachotaka, nani anamzuia, lini mwisho, na nini kitatokea akishindwa. Katika filamu ya dakika kumi na mbili haya yote yawe yamekaa mezani kufikia dakika ya tatu. Katika filamu ya saa moja na nusu una nafasi zaidi, lakini watu wa bandani kwetu waliipa picha kama dakika kumi hivi. Wasipojua wanasubiri nini, wanaanza kuzungumza wao kwa wao, na ukishapoteza benchi la nyuma hulirudishi.

Sasa tafuta maboksi matupu dukani, yakate vipande vya ukubwa wa kiganja, na kila kipande kibebe tukio moja kwa sentensi moja yenye kitendo kinachoonekana. Vipange kwenye mkeka. Vya kwetu vilikwenda hivi.

Zainabu anahesabu fedha za mauzo ambazo Rashidi ameshazihesabu. Mzee Kabwe anampa siku. Zainabu anachukua dagaa wabichi kwa mkopo, wengi kuliko alivyowahi kuanika. Mvua ya mwisho wa masika inawanyeshea wakiwa mchangani, na nusu wanaharibika. Rashidi anaajiriwa kwenye ghala la Mzee Kabwe, bila kumwambia dada yake kwa nini. Zainabu anafungua kopo la akiba anakuta imepungua elfu thelathini. Anamfukuza Rashidi. Asubuhi ya mwisho lori la mnunuzi liko barabarani, Zainabu anahesabu, hajiamini, anahesabu tena. Lori linaondoka na gunia zake mbili hazijapakiwa. Hana tena muda wa kuuza kwingine na kufika kwa Mzee Kabwe kabla ya ghala kufungwa. Hawezi kuwa sehemu mbili. Rashidi yuko pale. Anamkabidhi fungu la noti, bila kulihesabu, alipeleke.

Vikishapangwa, fanya jaribio hili: funika kipande kimoja kwa kiganja, kisha soma vinavyofuata. Kama vinaeleweka vizuri tu bila hicho, kitupe. Sisi tulikuwa na kipande ambacho kijana wa mwaloni anamtongoza Zainabu. Sini tamu, vijana waliipenda kwa sababu zao. Tulipoifunika, hakuna kilichoyumba chini yake. Ikatoka. Mvua, kwa upande mwingine, ukiifunika kila kitu kinaanguka: bila hasara ile Zainabu hapungukiwi, na asipopungukiwa hamtazami Rashidi kwa jicho baya.

Ujanja wa pili ni kubadilishana nafasi. Kama vipande viwili vinaweza kupishana bila shida, basi kimoja hakikizai kingine, vimekaa tu jirani. Ongeza sababu. Filamu zetu nyingi za zamani zilizouzwa sehemu ya kwanza na ya pili zilivutwa katikati kwa namna hiyo: vitu jirani, havizaani. Utakumbuka yale mageti. Mlinzi anafungua geti, gari linaingia taratibu, linaegeshwa, mtu anashuka, geti linafungwa, na hakuna aliyepata habari mpya. Bandani walikuwa na wimbo wa kuzomea geti. Ingia kwenye sini watu wakiwa wameshaanza kugombana, na utoke kabla hawajaagana.

Uamuzi utangulie habari

Hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo kisa kizima kinaposimama.

Katika rasimu ya kwanza, vijana waliandika kwamba Zainabu anagundua Rashidi alichukua zile elfu thelathini kununua plagi na oili, kwamba kazi ya ghalani aliiomba ili aweze kuishughulikia mashine ya baba yao isioze kwa kutu, na kwamba mshahara wake alimwambia Mzee Kabwe aukate kwenye deni. Zainabu analia, anamkumbatia, kisha anampa fungu la noti. Wote walioisoma walisema nzuri. Mimi nilisikia mabenchi yakilia, watu wakinyanyuka.

Kwa nini? Kwa sababu akishajua Rashidi ni mwaminifu, kumpa fedha hakumgharimu kitu. Mimi na wewe pia tungempa. Tukageuza: anampa kwanza, akiwa bado anaamini kwamba huyu ndiye mwizi wake, kwa kuwa hana njia nyingine na kwa kuwa kuna kitu kimechoka ndani yake. Habari inakuja baadaye, wakati mashine inavutwa kamba na kuitika mara ya kwanza, ingawa imekaa ghalani muda mrefu. Hapo Zainabu anaiangalia mikono ya Rashidi na kuona grisi kwenye kucha. Hakuna maelezo zaidi, na hayahitajiki.

Vipande ni vile vile, vimepishana viwili tu. Lakini sasa mhusika ameamua gizani, na mtazamaji amemjua kwa namna ambayo maneno hayawezi kumweleza. Kila filamu unayoiandika, tafuta uamuzi mkubwa wa mhusika wako ukaangalie anajua nini wakati anauchukua. Ukimwona amejaa habari, mpunguzie.

Grisi ile hatukuitoa hewani. Kila mtoto wa Kigoma ameambiwa habari za meli ya Liemba: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa bahari na reli hadi hapa, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Goetzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wazamishaji wanaopaka grisi! Katika kitendo hicho kimoja unaona kabisa kwamba hawakuamini wanaondoka moja kwa moja. Kwa mwandishi wa filamu hilo ni somo la kupanda na kuvuna: kitu kinaonyeshwa mapema kwa sababu yake ya wakati huo, kinasahaulika, kisha kinarudi kufanya kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Mtazamaji aione grisi kwenye kucha za Rashidi tangu katikati ya filamu, anaponawa ale, na aichukulie kuwa uchafu wa kazi.

Watu huniambia mara kwa mara kwamba Liemba yenyewe itengenezewe filamu. Sawa, lakini meli haitaki kitu. Historia ndefu kiasi hicho, ukiipiga kuanzia 1913, itakuwa mfululizo wa tarehe. Mchukue fundi mmoja, usiku mmoja, ndoo ya grisi na amri ya kuharakisha.

Mtazamaji ajue nini

Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za kusisimua, alikuwa na mfano wake wa bomu chini ya meza: watu wawili wanapiga soga, bomu linalipuka, mtazamaji anashtuka sekunde chache. Ukimwonyesha bomu kabla, soga hiyo hiyo ya kijinga inakuwa mateso ya dakika nzima. Kwenye kisa chetu tunaonyesha mkono wa Rashidi ukiingia kwenye kopo. Sababu hatuonyeshi. Kuanzia hapo kila Zainabu anapolikaribia kopo, sisi tunajikunyata, na wakati huo huo tunajiuliza kijana huyu mpole amepatwa na nini. Nusu ya habari unampa mtazamaji, nusu unaizuia. Ukimpa yote, atabaki kusubiri tu Zainabu naye ajue. Ukimnyima yote, grisi ya mwisho itamwangukia kama kitu kilichotungwa jana usiku.

Adui mwenye sababu

Mzee Kabwe tulikuwa naye mnene, mwenye kicheko na fimbo. Tukamvua vyote. Ziwa likifungwa, tajiri mwenye mitumbwi anakaa miezi mitatu bila mavuno, na yeye ana watoto shuleni na nyavu alizonunua kwa mkopo. Anauza mashine kwa sababu anahitaji fedha mkononi. Anamwita Zainabu "mwanangu", na anamaanisha. Alimpenda baba yake. Adui wa namna hii anamnyima Zainabu nafuu ya kumchukia, na mwigizaji anapata kitu cha kuigiza zaidi ya kukunja uso. Mama wa kambo katili na mwenye nyumba anayetupa vyombo nje wamefanya kazi ya kutosha katika filamu zetu. Wapeni likizo.

Kivuli, nguo na sauti

Wachora katuni wa Marekani wana kanuni ya zamani: ukimpaka mhusika rangi nyeusi mwili mzima, bado atambulike kwa umbo tu. Mickey Mouse unamjua kwa kivuli cha masikio. Waigizaji wa kweli nao wanapimika hivyo. Tundika shuka jeupe uani usiku, weka taa nyuma yake, wapitishe waigizaji mmoja mmoja, nanyi wengine mkae mbele bila kuambiwa nani anapita. Zainabu wetu na jirani yake mwanika dagaa walifanana kabisa, kanga kiunoni na beseni kichwani. Tukamwondolea Zainabu beseni. Akawa anabeba ndoo kwa mkono mmoja, bega limeshuka upande, mkono wa pili umeshikilia pindo la kanga ambamo fedha zimefungwa. Ile ni tabia yake imegeuka kuwa mwendo. Rashidi mrefu, mikono haijui iwekwe wapi, mpaka anapopata spana. Mzee Kabwe hatembei; watu ndio wanaomwendea alipokaa, na kivuli chake ni cha kiti na miguu.

Kwenye nguo usijaze rangi. Mchanga wa Kibirizi na dagaa waliokauka ni rangi moja ya fedha iliyofifia, kwa hiyo chochote chekundu kinalia. Tuliipa rangi nyekundu mashine peke yake, tukaizuia kwingine kote. Mpaka dakika ya mwisho jicho linaijua hata ikiwa kona ya ghala, nyuma ya magunia.

Kuhusu sauti, hapa ndipo utafsiri ulinifunza zaidi. Nilikuwa na mdomo mmoja na watu saba kwenye kioo. Kila mmoja nilimtafutia namna yake: huyu anakatisha, yule anauliza badala ya kujibu, yule wa tatu anarudia neno la mwisho la mwenzake. Wahusika ambao sikuweza kuwatofautisha, kosa mara nyingi lilikuwa la mwandishi wao. Walikuwa mtu mmoja amegawanywa. Kwa hiyo chukua muswada wako, funika majina ya wasemaji kwa karatasi, usome maneno. Kama hujui nani anasema, ama uwaunganishe watu hao wawili wawe mmoja, ama umpe mmoja namna ya kuongea. Huku kwetu una utajiri: mzee wa Kiha anayepima kila neno, mfanyabiashara kutoka ng'ambo mwenye Kiswahili cha Kongo, kijana aliyerudi Dar na lugha ya mjini. Usiwafanye vichekesho tu.

Na maneno yenyewe yawe machache. Rasimu ya kwanza ilikuwa na hili:

"Rashidi, nimeumia sana kwa sababu uliniibia fedha zangu, halafu umekwenda kufanya kazi kwa mtu anayetaka kutudhulumu mashine ya marehemu baba."

Hakuna dada anayeongea hivyo. Hiyo ni taarifa ya habari. Tukaandika upya:

Rashidi anaingia, ananawa mikono.
"Shikamoo, dada."
Zainabu anafunika sufuria.
"Tajiri wako hajakulisha?"

Shikamoo isiyoitikiwa, mbele ya Mtanzania yeyote, ina uzito kuliko kofi. Nayo tumeipanda: baada ya mashine kuitika, Rashidi hasemi lolote, ni Zainabu anayemtazama na kusema, "Marahaba." Jibu la salamu ya siku tatu nyuma. Ukikata hapo hapo, umemaliza filamu. Vijana walitaka kuongeza sini ya mtumbwi ukikata maji jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Picha nzuri sana, na haina swali. Tumekubaliana ikae chini ya majina ya waigizaji.

Uso wa mwigizaji

Usimwombe mwigizaji aonyeshe kila kitu usoni. Karibu na mwaka 1920 Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine ambao haukuonyesha hisia yoyote, akauunganisha na sahani ya supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, huzuni na tamaa, wakamsifu kwa uigizaji, na uso ulikuwa ule ule. Ijaribu kwa simu yako leo: mpige Zainabu akitazama pembeni, kimya, weka baada yake kopo lililo wazi, kisha mahali pengine weka mashine nyekundu. Ukiona inafanya kazi, utaacha kumwambia mtu alie.

Kupima kabla ya kupiga

Muswada uliopangwa kwa mtindo wa kawaida huchukua karibu dakika moja kwa ukurasa, kwa hiyo kurasa kumi na mbili zinatosha. Kabla hujauandika wote, uusimulie. Panda bodaboda kutoka Mwanga kwenda Ujiji, anza kumsimulia dereva kisa chako, na ukifika pale Zainabu anapofungua kopo, nyamaza. Akiuliza "ikawaje?", endelea kuandika. Akianza kukueleza bei ya petroli, rudi kwenye mkeka. Usimsimulie rafiki yako. Rafiki huuliza kwa adabu.

Kisha mambo ya ardhini. Filamu ya kuonyeshwa kwa umma inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, kwa hiyo muswada uwe umekamilika kabla hujaanza kuzunguka na makaratasi. Mwaloni uongee mapema na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, si asubuhi ya kupiga picha, na uwaeleze wanawake wanaoanika kwamba kamera haitawazuia kazi. Kipaza sauti kifunge kwa kitambaa chenye manyoya, maana upepo wa ziwani unakula maneno yote. Sini za lori na kopo zipigwe zikifuatana ili kanga ya Zainabu isibadilike rangi kati ya saa moja na nyingine. Na dagaa wa kuigizia nunueni wenu, kwa bei ya mwaloni, kwa sababu wakishamwagwa na kuzolewa mchangani mara nne ili tu mpate pembe nzuri ya kamera, hakuna mama wa Kibirizi atakayekubali kuwarudisha kwenye sado yake.